Hita Inaponguruma: Somo la Kusikiliza Mitambo ya Maji Moto



Mtu ambaye hajawahi kulala Dodoma mwezi wa Julai hudhani kwamba nchi kame ni nchi ya joto tu. Mji wetu uko kwenye uwanda wa juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa kipupwe joto hushuka hadi nyuzi 14 hivi au chini ya hapo. Nyumba zetu hazina mitambo ya kupasha joto vyumba kama zile za rafiki zetu wa Ulaya. Joto la nyumba zetu ni jiko, blanketi na maji ya kuoga. Ndiyo maana hosteli, nyumba za wageni na vituo vya afya vya parokia vinapokuwa na uwezo, huwekewa hita za maji, za umeme au za jua.

Somo la toleo hili linahusu sauti za mitambo hiyo. Huenda mtu akauliza: je, kamati ya parokia haina mambo makubwa zaidi ya kujadili? Tunaomba usome habari ifuatayo kwanza.

Habari ya hosteli moja

Katika hosteli moja ya wasichana, ambayo hatutaitaja jina, mama mlezi alianza kusikia hita ya bweni ikinguruma nyakati za alfajiri. Jumapili moja baada ya ibada alimwendea mwenyekiti wa kamati.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mama. Habari za watoto?"

"Hawajambo mzee. Ila ile hita ya bweni inanguruma kama lori linalopanda mlima."

"Maji yanapata moto?"

"Yanapata, mzee."

"Basi tuiache ifanye kazi yake. Suala la fundi tutaliangalia kwenye kikao."

Kikao kilipofika kilikuwa na ajenda nyingi: paa la kanisa, karo, michango ya mavuno. Hita haikufikiwa. Vikao 3 vilipita hivyo. Siku moja fundi bomba aliitwa kurekebisha sinki la jikoni. Mimi nilikuwepo siku hiyo kwa ajili ya kukagua mradi mwingine. Fundi akiwa amepiga magoti chini ya sinki alisikia ule mngurumo ukutani. Aliacha spana yake, akaenda moja kwa moja kwenye swichi akaizima, kisha akauliza ni nani mwenye funguo za bweni.

Alichokikuta tutakieleza mbele. Kwanza tujifunze jinsi ya kusikiliza.

Hita inafanyaje kazi?

Hita ya kawaida ya umeme ni tangi la chuma lililofunikwa na kitu cha kuzuia joto lisitoke. Maji baridi huingia kwa chini, na maji ya moto hutoka kwa juu kwa sababu maji ya moto ni mepesi zaidi. Ndani kuna koili, yaani kile chuma kinachopata moto umeme ukipita. Kuna themostati, ambayo kazi yake ni kukata umeme maji yakifika joto lililopangwa. Na kwenye bomba la maji baridi kuna valvu ya usalama, kifaa kidogo chenye mdomo unaotazama chini.

Hita ya jua haina tofauti kubwa. Badala ya koili kuna vioo au mirija juu ya paa, na maji hupanda yenyewe kwenda kwenye tangi yakishapata joto.

Kupasha moto lita 100 za maji kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 60 kunahitaji karibu uniti 4.7 za umeme. Hita ya kilowati 3 hufanya kazi hiyo kwa saa moja na nusu hivi. Tafadhali iandikeni hesabu hii kwenye daftari la kamati, maana tutaihitaji.

Sauti ya kwanza: Mngurumo na milio ya kupasuka

Hii ndiyo sauti inayosikika zaidi katika nyanda za kati, na chanzo chake ni maji yetu wenyewe. Mvua ya Dodoma ni chache, kiasi cha milimita 600 hivi kwa mwaka, nayo hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Kwa hiyo tunategemea sana visima virefu. Mji wenyewe kwa miaka mingi umetegemea visima vya bonde la Makutupora, upande wa kaskazini. Maji ya visima hukaa muda mrefu ndani ya ardhi na miamba, na hubeba chumvi na chokaa. Mama yeyote anayechemsha maji hayo ya kunywa anaijua chokaa hiyo: ni ule utando mweupe ndani ya birika na sufuria.

Chokaa ikiwa ndani ya maji ya baridi haionekani, kwa sababu imeyeyuka. Maji yakipata moto, chokaa hujitenga na kushika mahali penye joto kali zaidi. Ndani ya hita mahali hapo ni kwenye koili. Kadiri joto linavyozidi nyuzi 60, ndivyo chokaa inavyojitenga kwa wingi.

Tuchukue mfano. Ikiwa kila lita ya maji ina miligramu 300 za chokaa, hita inayopitisha lita 200 kwa siku hupokea gramu 60 za chokaa kila siku. Sehemu kubwa hutoka pamoja na maji. Lakini ikibaki sehemu moja tu ya kumi, yaani gramu 6, kwa mwaka zitakuwa zaidi ya kilo 2. Hebu fikiria kilo 2 za ukoko ndani ya tangi moja.

Kwa nini ukoko huo hufanya kelele? Angalia uji mzito wa uwele ukiwa jikoni. Maji matupu hutokota taratibu, lakini uji mzito hunyamaza kidogo, kisha hupasuka na kurusha matone hadi mkononi mwa mpishi. Mvuke umenaswa chini ya uzito, nao hutafuta njia kwa nguvu. Ndani ya hita ni hivyohivyo. Maji yaliyonaswa chini ya ukoko wa chokaa huchemka, mapovu ya mvuke huchomoka, kisha hukutana na maji yenye ubaridi na kuzimika ghafla. Maelfu ya mapovu hayo ndiyo mngurumo tunaousikia. Wenzetu wa Ulaya wenye boila za kupasha nyumba nao huisikia sauti hiyo katika miji yenye maji magumu.

Watu husema kwamba chokaa hula umeme. Kwa sufuria iliyo juu ya moto, kauli hiyo ni kweli, kwa kuwa joto linaloshindwa kupenya huenda hewani na mkaa hupotea. Kwa koili iliyo ndani ya maji, hasara kubwa ni nyingine. Koili iliyofunikwa haiwezi kutoa joto lake kwa urahisi, hivyo hupata moto kupita kiasi na mwishowe huungua. Tena themostati iliyozungukwa na ukoko haipimi joto la maji kwa usahihi.

Tiba: hita izimwe kwenye swichi kuu, iachwe ipoe, imwagwe maji, ifunguliwe na fundi na kusafishwa. Koili inaweza kulowekwa kwenye siki au maji yenye asidi ya limau, kisha kusuuzwa vizuri. Birika la nyumbani unaweza kulisafisha mwenyewe kwa siki au maji ya ndimu. Onyo: usichanganye kamwe siki, ndimu au asidi yoyote na dawa ya klorini ya kung'arisha nguo. Mchanganyiko huo hutoa hewa yenye sumu.

Sauti ya pili: Kishindo ndani ya bomba

Mtu anafunga koki kwa haraka, na ukutani unasikika mshindo kama nyundo. Watoto hosteli husema kuna jini ndani ya bomba. Hakuna jini. Maji yanayokimbia ndani ya bomba yana uzito, kama treni. Ukiyafungia njia ghafla, uzito wote hugonga mlango uliofungwa.

Mhandisi Mrusi Nikolai Joukowsky alilichunguza jambo hili huko Moscow mwishoni mwa miaka ya 1890, kwenye mabomba ya maji ya mji. Hesabu zake zinatumika mpaka leo. Tangi lililo juu ya mnara wa mita 10 hutoa mgandamizo wa takriban bar 1. Lakini maji yanayokwenda mita 1 kwa sekunde kwenye bomba la chuma, yakisimamishwa kwa ghafla, huweza kuongeza bar 10 au zaidi kwa muda mfupi sana. Kwenye bomba la plastiki kishindo ni kidogo zaidi, lakini kipo.

Kishindo kimoja hakivunji kitu. Vishindo mia kila siku hulegeza maungio, na maungio yaliyolegea huvuja ndani ya ukuta mahali ambapo hakuna anayeona. Tiba yake ni kufunga koki taratibu, kufunga mabomba vizuri ukutani kwa vishikizo, na kubadilisha koki zilizochakaa.

Sauti ya tatu: Tik, tik, tik

Sauti hii isikutie hofu. Wote tunaijua kwenye mabati. Jua likizama, paa hulia tik-tik-tik kwa sababu bati lililotanuka mchana linajikunja usiku. Bomba la maji moto hufanya vivyo hivyo. Bomba la chuma la mita 5 likipata joto la nyuzi 40 zaidi hurefuka kwa milimita 2 na nusu hivi. Bomba la plastiki la maji moto lenye urefu huohuo huweza kurefuka hata sentimita 3. Likipita kwenye tundu jembamba la ukuta, hukwama, kisha huchomoka na kulia.

Kama sauti hii husikika maji moto yanapoanza kupita na hukoma baada ya dakika chache, hakuna hatari. Fundi anapojenga aache nafasi kidogo kuzunguka bomba.

Sauti ya nne: Kugugumia na kutema

Kila aliyekaa Dodoma wakati wa mgao wa maji anaifahamu sauti hii. Maji yamekatika siku 2, kisha yanarudi. Ukifungua koki hutoka upepo, halafu matone, halafu maji machafu kwa vishindo. Hewa imeingia ndani ya mabomba na inatafuta pa kutokea.

Hewa yenyewe si mbaya. Hatari iko kwenye hita iliyoachwa imewashwa wakati maji yamekatika. Maji yakivujia nyuma kwenye bomba, au mtu akiyachota yaliyobaki, koili hubaki kwenye hewa tupu, nayo huungua kwa dakika chache. Koili nyingi katika mkoa wetu hufa kwa njia hii. Kanuni ni rahisi: maji yakikatika, hita izimwe. Yakirudi, fungua koki ya maji moto na uiache mpaka maji yatoke bila kutema, ndipo uwashe. Debe tupu haliachi kuvuma, na hita tupu haiachi kuungua.

Kwa hita za jua, kutokota kunakosikika mchana wa kiangazi humaanisha kuwa maji yamepata moto kupita kiasi kwa sababu hayatumiki. Hapa Dodoma maji yaliyo kwenye tangi lisilo na mgandamizo huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100 kama pwani. Hosteli inapofungwa kwa likizo, mirija ya jua ifunikwe kwa turubai.

Sauti ya tano: Mlio wa nyuki kwenye swichi

Kama unasikia mvumo wa zzz kutoka kwenye swichi, soketi au kifuniko cha waya, usisubiri. Hita ya kilowati 3 hutumia takriban ampea 13. Mkondo huo ukipita kwenye waya uliolegea hutoa cheche ndogondogo, na plastiki huanza kuyeyuka. Mara nyingi utasikia pia harufu. Zima swichi kuu ya nyumba, usiguse maji yanayotoka kwenye hita hiyo, na uite fundi umeme. Akague pia kama waya wa ardhini umefungwa. Hita isiyo na waya wa ardhini haifai kutumiwa hata siku moja.

Sauti ya sita: Matone, na kimya

Maji yakipata moto hutanuka. Lita 100 zikitoka nyuzi 20 hadi nyuzi 60 huongezeka kwa lita 1 na nusu hivi. Maji hayo ya ziada hayana pa kwenda, kwa hiyo valvu ya usalama huyaachia kidogokidogo. Tone, tone, tone. Watu wengi hudhani hita inavuja. Hapana. Inapumua.

Wazo la valvu hii lina zaidi ya miaka 300. Karibu mwaka 1680 Mfaransa Denis Papin alitengeneza chungu cha chuma cha kupikia kwa mvuke, na ili kisilipuke akakiwekea mfuniko mdogo wenye uzito, unaonyanyuka mgandamizo ukizidi. Sufuria zote za presha za leo zinafuata wazo hilo.

Sasa turudi kwenye ile hosteli. Fundi alipofungua hita alikuta vipande vyeupe vya chokaa vinavyojaza karibu nusu ndoo. Hilo alikuwa amelitarajia. Asilolitarajia lilikuwa nje. Mdomo wa valvu ya usalama ulikuwa umezibwa kwa kijiti kilichochongwa na kufungwa kwa mpira wa baiskeli. Tulipouliza tuliambiwa kwamba valvu ilikuwa inadondosha maji na kuchafua ukuta uliopakwa rangi mpya kwa ajili ya wageni. Mtu mwenye nia njema aliiziba. Hakuna aliyemlaumu, maana hakuna aliyekuwa amemweleza kazi yake.

Tafakari hali ilivyokuwa. Themostati iliyozungukwa na ukoko ilikuwa haipimi vizuri. Koili ilikuwa inachemsha maji chini ya chokaa. Na njia pekee ya kutokea mgandamizo ilikuwa imefungwa kwa kijiti. Maji yaliyofungiwa kwenye tangi yanaweza kupita joto la kuchemka bila kuchemka. Tangi likipasuka, sehemu ya maji hayo hugeuka mvuke kwa mara moja, na kila lita 1 ya maji inayogeuka hufanya zaidi ya lita 1,600 za mvuke. Upande wa pili wa ukuta ule palikuwa na vitanda vya wasichana.

Tangi halikupasuka. Tunamshukuru Mungu, na tunamshukuru fundi aliyekuja kwa ajili ya sinki. Lakini tujifunze kwamba mngurumo haukuwa sauti ya hatari kuliko zote katika hosteli ile. Jambo la hatari zaidi lilikuwa kimya cha valvu iliyozoea kudondosha na sasa haidondoshi. Anayesikiliza mtambo asikilize pia sauti iliyokoma.

Nani anasikia, na nani anaamua?

Tukirudi nyuma tunaona kwamba mama mlezi alisikia. Alisikia mapema na akatoa taarifa kwa heshima kwa mtu anayehusika. Lakini hakuwa na ruhusa ya kuzima hita, wala fungu la kumwita fundi. Mwenye ruhusa na fungu alikuwa mwenyekiti, ambaye halali bwenini na hakuusikia mngurumo hata mara moja. Kati ya sikio na uamuzi palikuwa na vikao 3.

Hili ndilo tunalotaka kila kamati ilichukue kutoka kwenye somo hili. Watu wa Dodoma hatuna shida ya masikio. Mpiga zeze wa Kigogo hahitaji kipimo. Akigusa uzi hujua kwa sikio kama umelegea. Wahudumu wetu nao hujua mtambo unapobadilisha sauti, kwa kuwa wanaishi nao. Kilichopungua ni utaratibu wa kuwafanya wanaosikia waweze kuchukua hatua.

Historia ya mji wetu inatufundisha jambo hilohilo. Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910, nayo ilikuja na injini za mvuke. Kila injini ilikuwa boila kubwa juu ya magurudumu, na adui wa boila ni yuleyule, chokaa ndani ya maji. Popote duniani injini hizo zilipotumika, boila zilizimwa, zikamwagwa na kuoshwa kwa ratiba. Ratiba haikungoja kikao wala injini kuharibika.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo 4:

1. Mhudumu anayekaa karibu na mtambo apewe ruhusa ya maandishi ya kuuzima wakati wowote akisikia sauti ngeni, bila kuomba ruhusa kwanza. Maji baridi ya asubuhi moja hayamdhuru mtu.

2. Liwepo daftari karibu na swichi. Aandike tarehe, sauti aliyoisikia, na muda ambao hita inachukua kupasha maji. Hapa ndipo ile hesabu ya saa moja na nusu inapotumika. Muda ukibadilika sana, kuna tatizo.

3. Kamati itenge fungu dogo la matengenezo ambalo mlezi na mweka hazina wanaweza kulitumia bila kusubiri kikao, kisha watoe taarifa. Kila mgeni anayelala nyumba ya wageni achangie sehemu ndogo ya malipo yake kwenye fungu hilo.

4. Kila mtu anayeingia kazini, hata mpaka rangi na mfagizi, aonyeshwe valvu ya usalama na aelezwe kwamba haizibwi kamwe. Ikichafua ukuta, iwekewe mpira wa kupeleka maji chini kwenye ndoo au shimo, na mwisho wa mpira uachwe wazi.

Ratiba fupi ya matunzo

Kila siku: sikiliza hita inapopasha moto. Tazama kama valvu inadondosha kama kawaida.

Kila mgao wa maji: zima hita, na uwashe tu baada ya kutoa hewa.

Kila baada ya miezi 6: nyanyua kishikio cha valvu ya usalama kwa uangalifu ili maji yatoke kidogo na valvu isigande kwa chokaa. Jihadhari, maji ni ya moto. Kama haitoi maji, au haifungi tena, ibadilishwe.

Kila mwaka, kabla ya mwezi wa Juni: fundi afungue tangi, atoe chokaa na akague koili, themostati na nyaya. Akague pia fimbo ya magnesiamu, ambayo huliwa na kutu badala ya tangi. Ikiisha, tangi ndilo litakaloliwa.

Wakati wote: themostati iwekwe kwenye nyuzi 60. Chini ya hapo vijidudu huweza kukua ndani ya tangi, na juu ya hapo chokaa huongezeka haraka. Kumbuka kwamba maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi kwa sekunde chache. Watoto na wagonjwa wachanganyiwe maji ya baridi kwanza.

Neno kwa wafadhili wetu

Ndugu zetu mnaotuchangia, wa hapa nchini na wa mbali, ni rahisi kupiga picha ya hita mpya ikiwa ukutani. Ni vigumu kupiga picha ya fundi akikwangua chokaa. Lakini anayetoa mtambo bila vipuri, bila mafunzo na bila ziara ya fundi ametoa nusu ya zawadi. Tunawaomba, mnaposoma maombi ya miradi, mwulize: nani atausikiliza mtambo huu, na akisikia jambo atafanya nini? Parokia isiyo na jibu isaidiwe kulipata kabla ya kununua.

Katika ile hosteli, hita ilisafishwa, valvu na themostati zikabadilishwa, na daftari likatundikwa kwa uzi kando ya swichi. Mama mlezi ndiye aliyeandika mstari wa kwanza. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tunaongeza: chunguza pia usizibe kile kilichoachwa wazi kwa makusudi.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Parokia yetu ina mitambo mingapi ya maji, ya moto na ya baridi? Nani anaishi karibu na kila mmoja?

2. Je, mtu huyo ana ruhusa ya kuuzima? Tulimwambia lini?

3. Mara ya mwisho mhudumu alipotuletea taarifa ya hitilafu, ilichukua siku ngapi hadi fundi kufika? Nini kilichelewesha?

4. Baada ya kikao hiki, twendeni pamoja hadi kwenye hita, au kwenye pampu ya kisima kama hatuna hita. Iwashwe, tunyamaze dakika 5 na kusikiliza. Kila mmoja aseme alichosikia, na anayekaa nao kila siku aseme wa kwanza.